Fantomu haijaunguza transfoma yako, anza na rezista

Siku hizi meza yetu ya ukaguzi hapa Nairobi imejaa priamp za transfoma, yaani vikuza sauti vya maiki, nyingi za kanisa na zingine za studio za mtaani, na karibu kila anayeleta anasema ati fantomu, ule umeme wa 48V priamp inatuma kwa maiki, imeunguza transfoma. Haijaunguza. Ile 48V inapitia rezista mbili za 6.8k (omu 6,800), moja ya pini 2 na moja ya pini 3 za plagi ya maiki, hata ukishoti pini moja na ardhi rezista yake inapitisha kama miliampia 7 tu, hiyo haichomi koili.

Shida ni kukosa usawa. Chukua maiki ya zamani yenye transfoma ya waya wa katikati, yaani fantomu inaingilia katikati ya koili: mkondo unaingia pande zote mbili, sumaku ya huku inafuta ya kule. Sasa kama koili moja ina mizunguko 500 na nyingine 505, kila upande ukibeba miliampia 2, ile mizunguko 5 haina wa kuifuta, inabaki ikivuta chuma upande mmoja. Chuma ya nikeli inashiba sumaku haraka, haiwezi kubeba zaidi, besi inakonda na kukwaruza huku sauti za juu ziko safi, wewe unaenda kulaumu spika.

Kwa priamp, rezista zikipishana mkondo unavuka koili vilevile. Zisizidi tofauti ya 0.4%, yaani kama omu 27, na zile za 5% unazookota madukani Luthuli Avenue zinaweza kupishana omu mia kadhaa. Na tafadhali, zima mashine, toa mguu mmoja wa rezista kwa bodi ndio upime! Ukipima ikiwa imeshikwa utaona 3.4k, si kwamba imekufa, koili imeiunganisha na mwenzake. Hii tumeieleza mpaka tumechoka.

Ukisharekebisha, chuma inaweza kubaki na sumaku. Fantomu ikiwa imezimwa, pitisha toni ya kama 30Hz yenye nguvu, halafu ishushe polepole mpaka iishe, usiikate ghafla.

Ukituletea, andika kwa fomu ya ukaguzi ulibadilisha nini, bandika fomu kwa mashine yenyewe, si kwa mfuko. Bodi ikija imelehemiwa upya na fomu iko tupu, ada ya ukaguzi hairudishwi na unarudi mwisho wa foleni, hata kama ibada ni kesho.