Kusasisha ruta ya nyumbani: hakiki toleo la kifaa na umeme kwanza

Mei 2018, FBI ya Marekani iliwataka watu wazime na kuwasha upya ruta zao za nyumbani. Programu hasidi iitwayo VPNFilter ilikuwa imeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zaidi ya 50. Kuzima na kuwasha kulipunguza makali tu, kwa kuwa sehemu yake ya kwanza ilibaki ndani ya ruta. Matundu yaliyoipitisha huzibwa kwa kusasisha programu dhibiti (firmware), yaani programu inayoendesha ruta yenyewe.

Geuza ruta usome kibandiko cha chini. Jina la modeli pekee halitoshi; tafuta na toleo la kifaa, kama v2 au v3. TP-Link Archer C6 v2 na v3, kwa mfano, zina chipu tofauti kabisa, na faili la moja haliifai nyingine. Linganisha pia alama ya eneo, kama EU au US. Pakua faili kwenye tovuti ya mtengenezaji tu, na likiwa ZIP (faili lililobanwa) lifungue kwanza upate faili la ndani, mara nyingi la .bin. Ruta uliyopewa na kampuni ya intaneti usiiguse kabla ya kupiga simu huduma kwa wateja: nyingi zina programu iliyorekebishwa na kampuni hiyo, na husasishwa kutoka kwao.

Hifadhi nakala ya mipangilio, na uandike pembeni jina na nenosiri la PPPoE (njia ya ruta kujitambulisha kwa kampuni ya intaneti) kama unalitumia. Unganisha kompyuta kwa kebo, kwani Wi-Fi ikikatika faili linaweza kufika pungufu.

Umeme ndio wa kuogopwa zaidi. Ruta nyingi hufuta programu ya zamani kabla ya kumaliza kuandika mpya, hivyo umeme ukikatika katikati inaweza kukosa cha kuiwasha. Angalia yuniti za LUKU au tokeni zilizobaki. Ukitumia UPS ndogo (betri ya akiba), volti zake zilingane na zilizoandikwa kwenye adapta, kwa mfano 9 au 12.

Sasa pakia faili kwenye ukurasa wa usimamizi wa ruta, sehemu ya kusasisha. Kazi huchukua dakika chache. Taa zitazima na kuwaka. Usichomoe wala kubonyeza Reset. Ikipita nusu saa bila dalili, tafuta maelekezo ya mtengenezaji ya kuifufua modeli hiyo.

Ikiwaka, hakikisha namba ya toleo imebadilika, zima usimamizi wa mbali (kuingia kwenye mipangilio ya ruta kupitia intaneti), kisha badilisha nenosiri la msimamizi. Masasisho mengine hurudisha mipangilio ya kiwandani, likiwemo nenosiri hilo.