Kitabu cha Galileo kisicho na mchoro

Mwaka 1606 Galileo Galilei alichapisha kitabu nyumbani kwake mjini Padua, nakala 60 tu. Kilifundisha kutumia kifaa chake cha kukokotolea, lakini mchoro wa kifaa hicho hakuuweka. Kazi yangu ni historia ya ala za hisabati, na sijaona kitabu kingine kinachoonyesha wazi hivi jinsi maarifa yalivyolindwa kama mali.

Kifaa chenyewe ni mikono miwili ya shaba iliyoungana kwenye bawaba. Kila mkono una mistari inayoanzia bawabani, na ulio rahisi zaidi umegawanywa sehemu zilizo sawa. Siri yake ni pembetatu zinazofanana: fungua mikono kwa upana wowote upendao, umbali kati ya 50 ya mkono huu na 50 ya mkono ule utakuwa daima nusu ya ule wa 100 kwa 100.

Tuseme mfanyabiashara ana sarafu 186 za scudo, kila moja thamani yake soldo 160, naye anataka kuzibadilisha ziwe dukati, kila moja soldo 124. Chukua bikari yenye ncha mbili, pima 186 kutoka bawabani kwa urefu wa mkono. Fungua kifaa mpaka ncha hizo zikae sawasawa kati ya 124 na 124, kisha usikiguse tena. Sasa pima kati ya 160 na 160, urudishe bikari kwenye mstari kwa urefu. Utasoma 240. Hukuzidisha, hukugawanya. Wanafunzi ninaowapa kifaa cha kadibodi hukimbilia kalamu kuhakikisha, na jibu ni lilelile.

Mistari mingine ilihusu maeneo, ujazo na uzito wa metali mbalimbali. Huo wa metali uliwafaa wapiga mizinga, kwa kuwa tufe la jiwe na la chuma hata yakilingana ukubwa hayalingani uzito.

Tangu 1599 Galileo alikuwa na fundi, Marc'Antonio Mazzoleni, aliyevitengeneza vifaa hivi humohumo nyumbani. Vifaa viliuzwa, na masomo ya kuvitumia yalilipiwa pia. Kitabu kiliandikwa kwa Kiitalia, wasiojua Kilatini wakielewe, ila asiye na kifaa mkononi hakikumfaidi chochote.

Tahadhari hiyo haikufua dafu. Mwaka 1607 Baldassarre Capra alitoa kwa Kilatini kitabu cha kifaa kilekile, akijinasibisha nacho. Galileo alimshtaki Venice mbele ya wasimamizi wa Chuo Kikuu cha Padua, akashinda, na ikaamriwa nakala za Capra ziharibiwe. Mwaka huohuo akachapisha utetezi wake.

Capra aliiba, hilo halina ubishi. Lakini wazo lenyewe halikuwa la Galileo peke yake. Mwaka 1598 Thomas Hood alikuwa amekwisha kuchapisha London, kwa Kiingereza, kitabu cha kifaa cha jamii hiyohiyo, akaeleza kukitumia na kukitengeneza pia. Kwangu mimi, Hood ndiye aliyemtendea msomaji haki.

Kitabu cha Galileo nacho hakikuficha siri muda mrefu. Mwaka 1612 Matthias Bernegger alikitafsiri kwa Kilatini mjini Strasbourg, akaongeza maelezo ya namna ya kutengeneza kifaa chenyewe. Vifaa vya aina hii viliendelea kuwekwa katika visanduku vya zana za wachoraji wa ramani na wahandisi hadi karne ya 19.