Kutosha rangi ku kinga ya karboni: usifanye vile unafanyaka ku chuma

Hapa kwetu Lubumbashi kinga (baiskeli) za karboni zinaanza kuonekana mingi. Nyingi zinakuya okazio, zimekwisha kutembezwa na batu wengine, rangi imekwaruzika, basi mwenye kununua anafikiri kitu cha kwanza ni kutosha rangi yote na kupaka mupya. Anaipeleka kwa fundi mwenye anapakaka magari, na fundi anafanya vile anafanyaka siku zote: dekapan (dawa ya kutosha rangi), pistole ya moto, mashini ya disiki. Ku kadre (mifupa ya kinga) ya chuma haina shida. Ku karboni unaweza kuharibisha kadre nzima mu saa moja na macho haitaona kitu, utakuja kuona siku furshi (yenye kushika gurudumu ya mbele) inavunjika chini yako mu teremuko.

Mimi ninafundisha ufundi mu kituo cha mafunzo, na hii maneno ningependa kila fundi wa kinga aisikie, ata ule mwenye hajashikaka karboni bado.

Chuma ni chuma kutoka inje mpaka ndani. Rangi iko juu, chuma iko chini, ukitosha rangi chuma inabakia vile ilikuwa. Karboni haiko vile. Ni nyuzi nyembamba sana, kila uzi mikromita 5 mpaka 7 hivi, unywele wa muntu unapita ule uzi mara kumi kwa unene, na zile nyuzi zinalalishwa moja juu ya ingine, hii upande huu ile upande ule, kisha rezini ya epoksi njo inazishika pamoja. Fikiria mukeka wenye kulowanishwa mu kole mpaka ikakauka: kole ikitoka, unabakia na majani tu, haisimame tena. Na tena bomba za kadre ya karboni fasi ingine hazina ata milimita 2 za unene, kwa hiyo hauna nafasi ya kukosea mingi.

Njo maana dekapan haifai. Imetengenezwa juu ya kuvunja rangi, na rangi na rezini ni ndugu, dekapan haijue rangi inaishia wapi na rezini inaanzia wapi. Ile kali zaidi, yenye dikloromethani, inadhuru fundi pia: mwili ukiivuta unaigeuza kuwa monoksidi ya karboni, ile ile hewa ya makala yenye inauaka batu mu nyumba yenye kufungwa. Marekani ilikataza kuuzia raia dekapan ya namna hiyo mu 2019, Ulaya ilitangulia. Kama umeipata ku soko, usiipeleke mu atelie ya dirisha moja.

Pistole ya moto nayo inaweza kupita digri 500, na rezini ya kinga mingi inaanza kulegea kiisha kupita digri 100 na kitu. Safu zinaachana ndani, inje inaonekana muzuri tu. Mashini ya disiki na ile ya kupuliza muchanga zinakula nyuzi kabla mukono haujasikia kitu.

Sasa mbele ya kuanza, jiulize kama kweli unapaswa kutosha yote. Mimi naonaka batu wengi hawapaswe. Rangi ya kadre nzima mara nyingi haifike gramu 200, basi ule anasema anataka kinga iwe nyepesi anahangaika bure. Kama rangi ya zamani inashika muzuri, piga tu papiye ya emeri numero 400 ao 600 na maji mpaka ile kung'aa iishe, kisha paka juu yake. Kazi inaisha na karboni haujaigusa.

Kama rangi inabanduka na lazima itoke, fanya na mukono na maji. Tosha vipande vyote kwanza, funika na skochi fasi zote za chuma na aluminiamu, fasi ya pedaliye (pale pedali zinazungukia), na ile shingo ya furshi fasi gido (usukani) inakazwa, pale usipige kabisa. Loanisha papiye numero 240 ao 320, izungushe ku kipande cha mpira laini kusudi ifuate muviringo wa bomba, na uende polepole, usikawie fasi moja, zaidi ku kona na mishono, pale rangi ni nyembamba na nyuzi ziko karibu. Utapita verni ya juu, utapita rangi, utafika ku apre, ile rangi ya kwanza ya chini, mara nyingi ya kijivu ao nyeupe. SIMAMA PALE. Apre ikibakia haina mubaya, mupya itashika juu yake. Angalia maji yenye inateremuka: kama ilikuwa na rangi ya kinga na sasa inakuwa nyeusi, na kinga yenyewe haikuwa nyeusi, umekwisha kugusa karboni. Kadre yenye kupakwa nyeusi njo inadanganya, ile fanya vipande vidogo, panguza kila mara na uangalie kama unaona mufumo wa nyuzi. Ku mwisho pitisha numero 600, panguza na alkoli ya isopropili ku kitambaa. Asetoni kidogo ku kitambaa na kupita mbio sawa, lakini kuilowanisha mu asetoni hapana.

Vumbi ya karboni inachoma ngozi na macho, na ukiivuta inasumbua mapafu. Njo maana ninasema maji, maji, vumbi haipande. Vaa lunete, gan, na maski ya FFP2 ao FFP3 (zile za kuzuia vumbi nyembamba), ile maski nyembamba ya hospitali haitoshe. Usipulize na kompresere hata siku moja, tena ile vumbi inapitisha umeme, ikiingia mu mashini inaweza kuichoma. Ile tope ikusanye mu ndoo, acha ikae chini, kausha, funga mu mufuko, usiimwange mu muferezi juu muferezi unaishia mu mto Lubumbashi na batu wanatumia ile maji.

Ukiona ufa ku rangi, gonga na kipande cha pesa ya chuma: fasi nzima inalia kavu, fasi yenye kuachana ndani inalia nzito. Ikilia nzito usifunike na rangi mupya, na usiuzie mwingine.

Usiache karboni wazi pia. Jua inakula epoksi, na jua letu la kiangazi haliko kidogo, basi paka verni yenye kuzuia jua. Ile ya mikebe mbili, ile ya kuchanganya na dirisere (dawa ya kuigumisha), ni nguvu sana lakini dirisere yake iko na isosianati yenye inaleta asma, ile inataka maski ya vichungio na hewa wazi, watoto mbali.

Kitu ingine batu wanasahauka: piga foto ya maandishi yote mbele ya kuanza. Nguvu ya kukaza gido (mara nyingi Nm 5, ni kusema newton-mita 5), mustari wenye kuonyesha muti wa kiti unapaswa kuingia mpaka wapi, na numero ya kadre chini ya pedaliye. Numero ile usiikwangue, zungusha skochi pale, siku polisi ao mununuzi anauliza kinga inatoka wapi utakuwa na kitu cha kuonyesha.