Shairi halijapotea njia, liko kwenye namba yake

Jumamosi tena. Baba mmoja kaja kaunta na kitabu chembamba cha mashairi ya watoto, kakishika kwa vidole viwili kama kitu alichookota sakafuni, ananiambia kwa upole kabisa, "Dada, kuna mtu kakosea, hiki nimekikuta kwenye vitabu vya ukweli, kimewekwa baada ya mpira." Nikasema asante baba, nikakipokea, na alipogeuka tu nikakirudisha palepale alipokitoa. Sijui ni mara ya ngapi hii. Zamani nilikuwa naeleza, halafu foleni inarefuka, mtoto anavuta shati, mzazi anaitikia "ee, ee" huku macho yako mlangoni. Sasa naandika hapa mara moja, wa kesho nitamtumia linki.

Hakuna aliyekosea. Au sawa, kuna aliyehama, ila siyo shairi. Nakuja huko.

Watu wengi wanaamini maktaba ina pande mbili, kule uongo mtamu na huku ukweli mkavu, na katikati amekaa mkutubi anayejua kipi ni kipi. Jamani. Rafu zenye namba, yaani namba za Dewey tunazopangia vitabu kwa mada, hazijawahi kumwahidi mtu ukweli. Nenda 133.1 utakuta mizimu. Nenda 001.942 utakuta visahani vya angani na wageni wao wa kijani, tena viko mwanzo kabisa wa rafu, kabla hata ya kompyuta! Na 398.2 ndo usiseme, ngano zote ziko huko, sungura anamdanganya fisi, zimwi linakula kijiji kizima halafu linapasuliwa tumbo watu wanatoka wazima. Hizo zinakaa kwenye namba miaka yote na hakuna baba aliyewahi kuniletea sungura kaunta akaniambia dada, huyu hasemi kweli. Wanashtuka kwenye shairi tu, sijui kwa nini, labda kwa sababu shairi linajionyesha kwa umbo lake kwamba limetungwa.

Namba inakuambia kitabu kinahusu nini au ni cha aina gani. Basi. Haijaapa.

Na hii hapa ndo watu hawaijui, naomba uisome taratibu: Melvil Dewey, mkutubi wa Marekani aliyebuni namba hizi, alipotoa mpango wake mwaka 1876 aligawa kila kitu makundi kumi, na fasihi akaipa 800, fasihi NZIMA. Kwa Kiingereza ushairi ni 821, tamthilia 822, riwaya 823. Unaona? Riwaya inayo namba, kwao ni hapohapo, wanagusana ukuta na shairi. Kilichotokea ni kwamba hadithi ni nyingi mno na zinaazimwa mno, halafu msomaji wa hadithi hatafuti lugha wala karne, anatafuta mwandishi anayempenda, kwa hiyo maktaba nyingi za umma zikaona isiwe taabu, zikazitoa hadithi kwenye 800 zikazipanga pembeni kwa majina ya waandishi, A mpaka Z. Kwa hiyo aliyehama nyumba ni hadithi. Shairi limebaki kwao, halijasogea hata hatua moja, halafu leo ndo linaulizwa limefuata nini hapa.

Na "baada ya mpira" ni kweli kabisa, 796 ni michezo, 700 inaishia karibu na hapo, inafuata 800. Mtoto anayetafuta mpira wa miguu, 796.334, akizidisha hatua mbili anaangukia kwenye mashairi. Mi naona hiyo ni bahati.

Lakini ngoja niwe mkweli, kosa lingine ni letu, ni lile bango juu ya rafu. Kwa Kiswahili hatuna neno zuri la rafu hizi na kila neno tunalojaribu linatuponza. Ukiandika "Vitabu vya Ukweli" umeshadanganya, nimetoka kukuonyesha mizimu. Ukiandika "Visivyo vya Kubuni", mtu anauliza kwani shairi halijabuniwa? Na ana haki. Ukiandika "Maarifa" ndo neno napenda kidogo, ila linatisha watoto, linanukia mtihani, na linafanya mzazi afikirie kwamba hapa mtoto anakuja kufanya kazi na kule kwenye hadithi anakwenda kupumzika. Kuna mwenzangu alipendekeza tuandike "Vyenye Namba" tu. Tulicheka. Kila nikikumbuka naona alikuwa na pointi.

Sasa ndani ya namba zenyewe kuna vurugu ambayo hata mimi inanichosha. Shairi lenye mtunzi anayejulikana linakwenda 800 na ushee kwa lugha yake. Wimbo wa kitoto usio na mwenyewe, ule wa kuchezea na kurukia kamba, unakwenda 398.8. Vitendawili vya jadi 398.6, methali 398.9. Kwa mtoto wa miaka saba hivyo vyote ni kitu kimoja, ni maneno yanayocheza mdomoni, ila sisi tumevitenganisha kwa rafu nzima kwa kigezo cha nani alitunga. Nikiwa na mtoto mmoja mbele yangu kigezo hicho naona hakina maana. Nikiwa na katalogi mbele yangu naona hakikwepeki. Sijapata jibu na sidhani kama nitalipata kabla ya kustaafu.

Halafu kuna hili la Kiswahili. Ushairi wa Marekani una tarakimu tatu, 811, safi. Wa Kiingereza, 821. Wajerumani, Wafaransa, Waitaliano, Wahispania, Walatini, Wagiriki, kila mmoja kapewa kumi lake, halafu 890 ndo kapu la "na wengineo", dunia yote iliyobaki imesukumwa humo. Sisi tunapatikana 896.3921. Tarakimu saba! Kwenye kitabu cha kurasa thelathini na mbili ambacho mgongo wake ni mwembamba kuliko punje ya pilau, hiyo stika ya namba inazunguka mpaka inaziba jina la mtunzi upande wa mbele. Vitabu vyembamba vya mashairi vikisimama kwenye rafu havionekani, ni kama karatasi, mkono unapita juu yake. Watu wakiniambia "watoto hawapendi mashairi" huwa nawauliza, umeshawahi kuliona shairi limesimama kwenye rafu? Huwezi kupenda usichokiona.

Tulijaribu kuyahamisha. Kwa muda tuliyaweka kwenye masanduku ya vitabu vya picha, majalada yakitazama mbele, na kweli yakaazimwa zaidi. Lakini mpaka leo sijui kama ni kwa sababu yalitoka kwenye namba au kwa sababu tu majalada yalionekana, maana hata kitabu cha bomba la maji ukikigeuza kitazame mbele kitaazimwa. Na mtoto akija anataka kitabu kimoja maalum, tunapekua masanduku sita wote tumechuchumaa. Tukayarudisha. Siku hizi nafanya hivi, yanakaa kwenye namba yake ila kila rafu moja nageuza mawili matatu yatazame mbele. Usafi wa rafu unaharibika kidogo, watavumilia.

Ishu ya vitabu vipya ndo imeharibu zaidi kila kitu, kwa uzuri. Wiki hii nina toroli la vipya, nikatoa kimoja ni mashairi kuhusu nyuki, yametungwa vizuri, na chini ya kila shairi kuna aya ndogo ya maelezo, nyuki anacheza kuwaonyesha wenzake maua yalipo, vibarua wote ni majike, vitu vya kweli kabisa, na mwisho kuna faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake. FAHARASA kwenye kitabu cha mashairi! Sasa hicho ni 595.799, nyuki, au ni 800? Ukikiweka kwa nyuki, mtoto anayependa wadudu atakipata na atasoma shairi bila kujua kategwa. Ukikiweka kwa mashairi, kimekufa. Ila ukianza hivyo, mashairi ya anga yatakwenda 520, ya wanyama 590, na rafu ya ushairi inabaki na mashairi ya mapenzi na mvua, na mwalimu akija kutafuta mashairi nitampeleka vituo kumi na viwili. Na kuna riwaya zimeandikwa zote kwa beti, hizo tunaziweka wapi? Kwenye hadithi, A mpaka Z. Kwa hiyo beti zinazosimulia hadithi zinahama, beti zinazosimulia nyuki hazihami. Nitetee hiyo mbele ya mtu mwenye akili, siwezi.

Kuna wazazi pia wanaorudisha mashairi mapya kwa sababu "hayana vina". Hapa nitakuwa mfupi maana ugomvi wa arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, na mashairi huru ni mkubwa kuliko blogu hii. Mi nanunua yote mawili. Kipimo changu ni kusoma kwa sauti stoo nikiwa peke yangu. Kama ni la mizani nane kwa nane, nasikiliza kama mizani imekuja yenyewe au mtunzi kabana maneno mpaka yanalia, inkisari tatu, yaani maneno matatu yaliyofupishwa, kwenye mshororo mmoja, mtoto hatasoma hiyo, atajikwaa. Kama ni huru nasikiliza kama kuna pumzi au ni insha tu iliyokatwa kwa kitufe cha kushuka mstari. Vyote viwili vinakuja, vibovu, vimepambwa picha nzuri ajabu.

Turudi kwenye ukweli basi, kwa sababu mtu akishaamini namba maana yake ukweli anaacha kuangalia mahali penyewe ukweli unapokaguliwa. Kitabu cha sayansi cha mtoto, kabla ya picha, fungua ukurasa wa hakimiliki. Usisome mwaka wa kuchapishwa peke yake, soma mwaka wa hakimiliki na kama kimeandikwa toleo jipya au kimechapwa upya tu, maana hivyo vitu viwili ni mbingu na ardhi. Kuchapwa upya ni maneno yaleyale, jalada jipya linang'aa. Ndo maana unaweza kukuta kitabu kinanukia wino kinasema sayari ni tisa wakati Pluto iliondolewa kwenye orodha mwaka 2006. Dinosaria mwenye manyoya, Sinosauropteryx, alitangazwa kutoka China mwaka 1996, ila bado napokea michango ya vitabu "vipya" vya 567.9 ambamo wala nyama wadogo wote wana ngozi ya mjusi. Na miezi ya Zohali ndo imeniua kabisa: Machi 2025 zilitambuliwa 128 kwa mpigo, jumla ikawa 274. Hakuna kitabu cha watoto kitakachoweza kukimbizana na hiyo. Natoa vile vya zamani sana, hiyo kazi naiita kupalilia, na kuna watu huwa wanalia wakiona natoa vitabu, wanasema mbona bado vizima. Ndiyo, gamba zima. Ndani kimeoza.

Shairi la mwezi halipaliliwi kwa sababu hiyo, mwezi wake hauongezeki.

Na kuna uongo unaoingia kwa mlango wa mbele. Tone la maji linaloongea, linasema "mimi naitwa Matone, leo napanda angani," na kitabu kiko 551.48 kati ya vitabu vya mzunguko wa maji. Wasifu wa mtu maarufu una mazungumzo kati yake na mama yake akiwa na miaka minne, kwani nani alikuwepo anaandika? Siku hizi waandishi wazuri wanaweka ukurasa mwishoni wanakiri, hili nimelitunga, hili nimelitoa kwenye barua zake. Huo ukurasa nikiukuta namheshimu mtu. Usipokuwepo sikatai kitabu moja kwa moja, nasitasita, kuna siku nanunua kuna siku naacha, na nikiwa mkweli inategemea nimebakiwa na bajeti kiasi gani.

Lingine haraka. Mzazi anayemnyang'anya mtoto kitabu cha papa, 597.3, akamwambia "weka hicho, chukua kitabu cha KUSOMA." Kwani mtoto alikuwa anafanya nini, anakipiga pasi? Mtoto anayeanzia ukurasa wa katikati, anasoma maelezo ya chini ya picha, anarudi nyuma, anakwenda faharasa kutafuta "meno", huyo anasoma, tena hivyo ndivyo vitabu hivyo vilivyotengenezwa visomwe. Mashairi nayo hivyohivyo, fungua popote. Labda ndo sababu hawa wawili wanaelewana kwenye rafu moja kuliko tunavyodhani, hakuna anayekulazimisha uanzie ukurasa wa kwanza. Hilo silisemi kitaalamu, ni kitu nakiona tu nikiwa napanga.

Baba wa Jumamosi kama umefika hapa, kitabu chako kiko palepale baada ya mpira, nimekigeuza kinatazama mbele sasa. Na kile cha nyuki nimekiweka 595.799. Kesho naweza kukihamisha, ukikikuta kwenye mashairi tafadhali usiniletee kaunta.