Watoto wa Guru na vita ambavyo havikuwa vya dini mbili

Wengi huamini kwamba wana wadogo wa Guru Gobind Singh, kiongozi (Guru) wa kumi wa dini ya Masingasinga, waliuawa katika vita baina ya Masingasinga na Waislamu. Imani hii ina msingi: gavana wa dola ya Mughal, iliyotawala sehemu kubwa ya India, pale Sirhind, Punjab, alikuwa Mwislamu, na aliwataka wasilimu.

Walikuwa na umri wa takriban miaka 9 na 6. Ilikuwa Desemba 1704, au 1705 kwa mujibu wa vyanzo vingine. Walifungwa pamoja na bibi yao kwenye mnara wenye baridi kali. Walipokataa kuacha dini yao, simulizi zasema, wakajengewa ukuta wakiwa hai. Kaka zao wawili wakubwa walikwisha kufa vitani Chamkaur.

Lakini tazama nani alikuwa upande gani. Jeshi lililouzingira mji wa Guru, Anandpur, lilikuwa na askari wa dola ya Mughal pamoja na wale wa marajah (wafalme wadogo) wa milimani, ambao ni Wahindu. Na pale barazani Sirhind, nawabu (mtawala) wa mji wa Malerkotla, Mwislamu aliyeitumikia dola hiyohiyo, ndiye anayekumbukwa kwa kupinga watoto hao kuuawa. Malerkotla kuna gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, ya kuukumbuka upinzani wake. Hili ndilo linalonigusa zaidi.

Ukitaka kuhakiki, soma orodha ya waliouzingira Anandpur katika vitabu viwili vya waandishi tofauti. Au ingia gurdwara iliyo karibu nawe, kama ile ya Makindu, Kenya, ukawaulize wazee. Milango iko wazi kwa watu wa dini zote.