Baada ya Uzamivu Hakuna Darasa

Binti wa jirani yetu hapa Mji Mkongwe, Bagamoyo, ni dokta wa historia ya sanaa. Mwaka huu amepata nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu, yaani baada ya shahada ya udaktari, katika makumbusho ya ughaibuni, na tangu habari ifike barazani nasikia kila siku kwamba "ameenda kuongeza shahada ya nne". Nimevumilia kwa heshima ya wazee. Juzi kalisema mwalimu wa sekondari, nikaona sasa niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Mtu aliyekwisha kutunukiwa uzamivu hupewa mkataba wa muda, mara nyingi mwaka mmoja au miwili, akae makumbusho, achunguze vitu vilivyohifadhiwa humo na kuandika anachokigundua, huku akilipwa posho ya kujikimu. Hana mtihani wala mahafali, na hakuna joho la kuvaa mwishoni. Shahada za chuo kikuu ni tatu, na yake ya tatu alishaipata.

Kinachotuponza ni hilo neno "baada". Sisi tumekua tukijua kwamba baada ya darasa la saba ni kidato cha kwanza, na baada ya kidato cha sita ni chuo, kwa hiyo tukisikia "baada ya uzamivu" tunatafuta darasa linalofuata. Hapa "baada" inahesabu miaka tu. Ndiyo maana nafasi nyingi za aina hii huweka ukomo: uwe umemaliza uzamivu miaka michache tu iliyopita, kabla hujapata kazi ya kudumu ikakuchukulia muda wote.

Na uzamivu wenyewe tuutazame vizuri. Umetoka kwenye zamia, kama usikivu ulivyotoka kwenye sikia na uvumilivu kwenye vumilia. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Anayezamia majongoo bahari hashuki ili akae chini. Anashuka ili aibuke na kitu mkononi. Miaka ya uzamivu ni ya kujifunza kuzamia walimu wakiwa juu wanakutazama. Ukishatetea tasnifu yako, unazamia peke yako, na unachoibuka nacho ni kazi yako. Kumwita mtu huyo mwanafunzi ni kumrudisha kwenye ngalawa ya kujifunzia.

Halafu kuna "feloshipu", jina jingine la nafasi kama hii. Jirani mmoja mwema kabisa alimuuliza mama wa binti feloshipu hiyo hukutana siku gani, maana kwetu neno hili limeshakuwa la vikundi vya maombi. Silaumu. Ila asili yake inafaa kujulikana. Neno la Kiingereza "fellow" lilitoka kwa watu wa Skandinavia wa zamani, waliosema félagi: fé ni mali, hasa mifugo, na sehemu ya pili inatokana na kuweka. Félagi ni mtu anayeweka mali yake pamoja na ya mwenzake katika shughuli moja. Kwa Kiswahili huyo ni mbia. Waarabu nao nafasi kama hii huiita zamala, kutokana na zamil, mwenzi wa kazi. Lugha zote mbili zinaona wenzi wawili.

Sisi tunasema "amepata ufadhili". Hapo ndipo moyo unaponiuma. Fadhili ni hisani. Aliyefadhiliwa huinamisha kichwa na kushukuru. Makumbusho kweli inatoa posho, maktaba na ruhusa ya kuingia stoo, ambako huwa kuna vitu vingi kuliko vile mgeni anavyoviona ukumbini. Lakini binti naye kaweka mali. Chukua mlango wa nakshi kama ile ya mitaa yetu, uliosafirishwa ng'ambo na kuandikwa kwenye daftari la makumbusho neno moja tu, "mlango". Yeye anajua kizingiti ni kipi na mfaa ni upi. Anaweza kutofautisha nakshi iliyofuata mkono wa mafundi wa Kihindi na ya mafundi wengine wa mwambao, na atauliza mbao ni mvule au msaji, nani aliuchonga, uliondokaje kwenye nyumba yake na ulipitia mikono ya nani. Amekulia jirani na magofu ya Kaole, alikoona makaburi ya nguzo ambayo kwayo wazee wetu walipachika bakuli za kauri kutoka China. Bakuli kama hilo likiwekwa mezani mbele yake, wenzake wataona chombo cha China. Yeye ataona na kaburi. Ujuzi huo makumbusho haikuwa nao, ndiyo maana ikautafuta.

Utaratibu huu wala hauna umri mkubwa. Marekani ulishika mizizi mwaka 1919, fedha za Wakfu wa Rockefeller zilipoanza kuwalipa madokta wapya wa fizikia na kemia ili wapate muda wa kutafiti. Kwenye sanaa, National Gallery of Art ya Washington ilianzisha kituo chake cha utafiti mwaka 1979, na Metropolitan Museum of Art ya New York nayo hupokea watafiti wa namna hii. Wasichanganywe na wahifadhi, ambao ni waajiriwa wenye dhamana ya vitu vyenyewe. Mtafiti huja, hufanya kazi yake, huondoka.

Jana jioni mzee mmoja aliniuliza kwenye kahawa, "Hivi mwanetu anamaliza lini masomo?" Nikamwambia, "Mzee wangu, masomo alishamaliza. Mkataba wake ndio unaisha mwakani. Akirudi muulize ameona nini huko stoo." Akafikiri kidogo, akasema basi atamuuliza kama ameuona mlango wa nyumba ya babu yake.