Dinas Emrys: maana ya "dinas" na majoka ya chini ya kilima

Mwelisi wa leo, yaani mtu wa Welisi (Wales), moja ya nchi za Uingereza, akisema dinas anamaanisha jiji. Cardiff ni dinas, Swansea pia. Zamani neno hilo lilikuwa na maana ya ngome: mahali palipozungushiwa ukuta, aghalabu juu ya kilima, ambapo mtawala na watu wake waliweza kujihami. Mwenye Kiswahili hatashangaa, kwa kuwa neno boma nalo limesafiri hivyo hivyo, kutoka zizi la ng'ombe na uzio wa makazi hadi ngome, na mwishowe ofisi za serikali tunazoziita bomani.

Maana hiyo ya kale imebaki kwenye majina ya mahali. Dinas Emrys, yaani Ngome ya Emrys, ni kilima chenye miamba na miti karibu na kijiji cha Beddgelert, katika milima ya Eryri kaskazini-magharibi mwa Welisi. Kuta zake za mawe zimebomoka. Kinacholifanya jina lake lidumu ni kisa kilichoandikwa katika karne ya 9, katika kitabu cha Kilatini kiitwacho Historia Brittonum.

Vortigern, mfalme wa Wabritoni (wenyeji wa Britania wa zamani), akiwakimbia Wasaksoni, wavamizi waliotoka ng'ambo, alitaka kujenga ngome hapo. Kila vifaa vya ujenzi vilipokusanywa, usiku vilitoweka. Mara tatu. Wenye hekima wake wakamwambia kafara inatakiwa: atafutwe mtoto asiye na baba, damu yake inyunyizwe pale. Mtoto akapatikana, akaletwa, naye badala ya kulia akawageukia wale wazee na kuwauliza: chini ya ardhi hii kuna nini? Wakakosa jibu. Akawaambia kuna bwawa, wachimbe. Wakalikuta, na ndani yake majoka mawili yamelala, jekundu na jeupe. Yakaamka yakapigana. Jeupe lilielekea kushinda, lakini mwishowe jekundu likalifukuza. Mtoto akafafanua: jekundu ni watu wetu, Wabritoni, jeupe ni Wasaksoni. Alipoulizwa jina akasema Ambrosius, ambalo kwa Kiwelisi ni Emrys. Mfalme akamwachia ngome, akaenda zake.

Mnamo mwaka 1136 hivi, Geoffrey wa Monmouth alikisimulia kisa hiki upya na kumpa mtoto huyo jina la Merlin, ndiye mchawi anayejulikana duniani kote leo. Hadithi nyingine ya Kiwelisi, ya mfalme Lludd na ndugu yake Llefelys, inaeleza majoka yalifikaje pale: yalileweshwa kwa pombe ya asali, yakafungwa kwenye kitambaa, yakazikwa ndani ya sanduku la mawe. Joka jekundu limo hadi leo kwenye bendera ya Welisi, iliyotambuliwa rasmi mwaka 1959.

Kwa maoni yangu, sehemu yenye uzito zaidi ni bwawa. Kati ya 1954 na 1956 mwanaakiolojia H. N. Savory alichimba kilimani na kukuta bwawa lililotengenezwa na binadamu. Vilevile vilipatikana vigae vya mitungi iliyotoka mbali, eneo la Mediterania, vya kipindi kilichofuata kuondoka kwa Warumi kutoka Britania. Hayo hayathibitishi kwamba Vortigern alikanyaga pale, sembuse majoka. Yanaonyesha kwamba kilima hicho kiliwahi kukaliwa na watu wenye uwezo wa kupata bidhaa za ng'ambo, na kwamba bwawa la kwenye masimulizi lina mwenzake ardhini.

Anayepanda leo huona pia msingi wa mnara wa mawe, na ni rahisi kudhani ni mabaki ya ngome iliyomshinda Vortigern. Mnara huo ni wa enzi nyingine kabisa: hudhaniwa kuwa ulijengwa na watawala wa Gwynedd, ufalme wa zamani wa kaskazini mwa Welisi, katika karne ya 12 au 13, miaka mia kadhaa baada ya kisa kuandikwa.